Datsun 1200 inamisi: ufufue distribyuta ya kontakti, uiwekee moduli, au uhamie ya kielektroniki?

Mwenye Datsun 1200 akiona pikapu yake inamisi, haivuti mlimani na inapiga risasi kwenye ekzosi, kwa kawaida anakuwa ameshapewa ushauri wa aina tatu kabla hajafungua boneti. Wa kwanza anamwambia abadilishe kontakti (vile vidomo vinavyokata umeme ili cheche itoke) na kondensa, yaishe. Wa pili anamwambia aweke kile kidude cha kielektroniki kinachoingia ndani ya distribyuta ileile, ile inayogawa moto kwa plagi. Wa tatu, na huyu mara nyingi ana kitu cha kuuza, anamwambia atupe distribyuta nzima akachukue ya kielektroniki ya mtumba.

Wote watatu wanaweza kuwa sahihi, ila hakuna hata mmoja aliyeuliza maswali mawili ya msingi: shafti ya distribyuta uliyonayo ina hali gani, na unakoendesha ni mbali kiasi gani na duka la spea. Majibu ya hayo mawili ndiyo yanayochagua. Hata bei inakuja nyuma yake.

Ninazungumzia Datsun 1200 yenye injini ya A12, cc 1171, kwa sababu ndiyo niliyoipakua na kuipakia mara nyingi, na kwa sababu bado ipo. Pikapu hii, B120 kwa jina la kiwandani, ilianza Japani mwaka 1971, na Afrika Kusini iliendelea kuundwa hadi 2008 ikiitwa Nissan 1400, ikiwa na injini ya ukoo huohuo wa A. Kama wewe una Hilux ya zamani ya 12R au 18R, hoja ni zilezile. Vipimo tu ndivyo utakavyovitafuta kwenye kitabu chake.

Kabla ya kununua chochote, shika rota

Zima injini, fungua vibanio vya kofia, iweke kofia pembeni na waya zake zikiwa palepale. Sasa shika rota, kile kipande kinachozunguka katikati. Izungushe kidogo kwa vidole: inatakiwa ikubali kwa umbali mfupi kisha irudi yenyewe. Kinachoirudisha ni springi za vile vyuma vya advansi vilivyo chini, vinavyowahisha cheche raundi zikipanda, na kurudi kwake ni dalili njema. Isiporudi, vyuma vimeganda kwa kutu na grisi iliyokauka, na hapo gari litakuwa zito kwenye raundi za juu hata ukiweka kontakti mpya kila wiki.

Kisha isukume rota kando, kushoto na kulia. Hapa ndipo penye hukumu. Ikicheza kiasi ambacho jicho linakiona, bushi zimekwisha.

Sababu yake ni hesabu ndogo. Nafasi ya kontakti kwenye A12 ni kati ya milimita 0.45 na 0.55. Yaani uhuru wote uliopewa ni sehemu moja ya kumi ya milimita. Shafti inayoyumba robo ya milimita haiwezi kukupa nafasi hiyo. Unapima kwa fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi, unakaza skrubu, unaona umeweza, kumbe pembe moja ya shafti inafungua sana na nyingine inafungua kidogo. Kila silinda inapata moto kwa wakati wake inaoutaka. Silensa, yaani mwendo wa injini bila kukanyaga mafuta, inapanda na kushuka, na ukimulika puli kwa taa ya taimingi, ya kukagua wakati wa cheche, unaona alama inarukaruka badala ya kutulia.

Mimi nilijifunza hili kwa hasara. Nilibadilisha kontakti mara tatu ndani ya miezi miwili, kila mara gari linakaa sawa siku nne tano, kisha yaleyale. Fundi mmoja aliyekuwa hata hatengenezi gari langu, amekaa tu pembeni anakunywa chai, akaniambia: "Kaka, unazionea bure hizo kontakti. Shafti imekufa." Akaja, akaisukuma rota kwa kidole kimoja, nikasikia ikigonga.

Ukiwa umeshafungua, tazama na kofia kwa ndani. Mistari myembamba myeusi kama unywele kati ya nguzo moja na nyingine ni njia za moto uliopotea, na asubuhi za mvua ndizo zinakuwa balaa. Tazama kipande cha kaboni katikati ya kofia kama kipo na kama kinabonyea. Kofia na rota mbovu zitaharibu chaguo lolote kati ya haya ninayoyaeleza, kwa hiyo hesabu hiyo iweke pembeni, ni ya lazima.

Kufufua ya kontakti

Mfumo wa kontakti ni wa kale kweli. Msingi wake uliwekwa na Charles Kettering nchini Marekani kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia, na kwa miongo mingi magari ya petroli ya dunia nzima yalitembea nao. Kontakti zikifunga, umeme unapita kwenye koili. Pembe ya shafti ikizisukuma zikafunguka, umeme unakatika ghafla, na koili inatoa volti maelfu kadhaa zinazokwenda kwenye rota, kofia, waya, hadi plagi. Kondensa kazi yake ni kuzuia cheche zisirukie kwenye kontakti zenyewe. Ikifa, utaona kontakti zimeungua, upande mmoja una kilima na mwingine una shimo, na cheche ya plagi imekuwa ya rangi ya chungwa badala ya buluu.

Fikiria kazi yenyewe. Injini ya silinda nne kwenye raundi 4,000 kwa dakika inahitaji cheche 8,000 kwa dakika, zaidi ya 130 kwa sekunde. Kila cheche ni kufunguka na kufunga kwa vidomo viwili vya chuma, na kisigino cha plastiki ngumu kinachosuguana na shafti bila kupumzika. Kisigino kikilika, nafasi inapungua, na nafasi ikipungua taimingi inachelewa. Ndiyo maana gari la kontakti huwa linachoka taratibu bila mwenyewe kujua, mpaka siku moja anampa mwenzake aendeshe, anaambiwa, "Hili mbona halina nguvu?"

Sifa kubwa ya kontakti ni hiyohiyo: hufa polepole, na kabla ya kufa huaga. Utasikia gari linamisi wiki nzima kabla halijasimama. Na likisimama, ukiwa na bisibisi, kipande cha msasa mwembamba na kitambaa kikavu, unalifikisha nyumbani. Nimewahi kuona nafasi ikipimwa kwa gamba la kiberiti lililokatwa, na gari likawaka. Si kipimo cha kujivunia, lakini saa mbili usiku porini hakuna anayekuuliza fila geji.

Gharama ya kontakti na kondensa ni ndogo kuliko zote hapa. Kinachoongeza gharama ni bushi. Bushi nzuri za kuchukua dukani kwa distribyuta hizi ni za kubahatisha, kwa hiyo kazi huishia kwa fundi wa kukereza, anayezichonga kutoka kwenye fimbo ya shaba kwa kipimo cha shafti yako. Mpelekee distribyuta nzima, usimpelekee maelezo. Na kabla ya kugonga ile pini ya chini ili shafti itoke, piga alama kwa msumari kuonyesha kipande cha chini kilikaa upande gani. Kikirudishwa kinyume, rota itakuwa inatazama silinda nyingine kabisa, na utamlaumu fundi wa watu siku nzima.

Kwenye kazi hiyohiyo angalia diaframu ya vakyumu. Chomoa mpira wake upande wa kabureta, uunyonye kwa mdomo, uzibe kwa ulimi. Bamba la ndani ya distribyuta linatakiwa lisogee na libaki limesogea. Likirudi mara moja, diaframu imetoboka, na mafuta unayoyachoma safari ndefu ni mengi kuliko inavyostahili.

Baada ya hapo ni matunzo: tone mbili za oili kwenye kile kitambaa kilicho chini ya rota, grisi kidogo kwenye pembe za shafti, kutazama kila kilomita 5,000. Watu wengi waliozichukia kontakti hawakuwahi kutia hilo tone.

Moduli ndani ya distribyuta ileile

Hapa unatoa kontakti na kondensa, unaweka kihisi kidogo, na kwenye shafti, chini ya rota, unavika pete yenye sumaku. Kwa nje huoni tofauti, ila nyaya mbili zinatoka badala ya mmoja. Pertronix ya Marekani ndilo jina linalojulikana zaidi. Zipo na nyingine nyingi, nzuri na feki.

Faida ni za kweli. Hakuna kinachosuguana, kwa hiyo taimingi uliyoweka leo unaikuta baada ya miezi. Gari linawaka vizuri asubuhi ya baridi. Na kwa kuwa kihisi hakisukumwi na pembe za shafti, mchezo mdogo wa shafti hakiuhisi kama kontakti zinavyouhisi. Hapo ndipo wauzaji wanapotia chumvi: wanasema bushi mbovu si tatizo tena. Linapungua, haliondoki. Vyuma vya advansi vilivyoganda navyo vitabaki vimeganda. Kuweka moduli kwenye distribyuta iliyokufa ni kumvika maiti suti.

Moduli hizi zina adui watatu. Wa kwanza ni kugeuza nyaya, chanya kuwa hasi. Kosa moja tu linatosha. Wa pili ni swichi kuachwa imewashwa injini ikiwa imezimwa, labda unasikiliza redio. Aina za zamani huungua kwa hilo. Wa tatu ni rezista. Baadhi ya magari ya kontakti yana rezista ya kauri kwenye njia ya koili, inayopunguza umeme ili kontakti zisiungue. Moduli nyingi zinataka volti 12 kamili, kwa hiyo waya wake mwekundu usiuchukulie baada ya rezista. Soma karatasi yake, uangalie na omu za koili inazozitaka.

Uzuri ninaoupenda ni kwamba unaweza kurudi nyuma. Bamba la kontakti ulilolitoa lifunge kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kondensa, liweke chini ya kiti. Moduli ikifa njiani, nusu saa unakuwa umerudi enzi za zamani na gari linatembea.

Distribyuta nzima ya kielektroniki

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 Nissan waliziwekea injini nyingine za ukoo wa A, yaani A14 na A15, distribyuta ya kielektroniki yenye moduli iliyofungwa ubavuni. Wapenzi wa Datsun duniani wanaiita kiberiti kwa umbo lake. Ile inayotafutwa zaidi ina maandishi E12-80. Hii ndiyo yule mshauri wa tatu anayokuuzia, na ikiwa nzima, kwa kweli ndiyo bora kuliko zote kwa injini hii.

Wayaringi yake ni rahisi kupita kiasi: skrubu ya B inakwenda kwenye chanya ya koili, ya C kwenye hasi. Hasi ya moduli inapitia kwenye bodi ya distribyuta yenyewe, kwa hiyo kutu na rangi pale inapokaa kwenye injini lazima vikwanguliwe. Rezista unaiondoa. Koili ya zamani nayo unaiondoa. Hii inataka koili yenye omu karibu na moja kwenye njia ya msingi, 0.84 hadi 1.02. Ndani hakuna kontakti, kuna nyota ya chuma inayopita karibu na vidole vya chuma, na nafasi kati yao ni milimita 0.3 hadi 0.5. Cheche inakuwa kali, unaweza kusikia mlio wake.

Sasa upande wa pili. Kitu cha mtumba kina bushi za mtumba. Ishike rota ya hiyo unayouziwa kama ulivyoshika ya kwako, palepale kaunta. Kwa nafasi ndogo hivyo, shafti inayoyumba itafikia kugongana na vidole. Beba na ya kwako, uzilaze pamoja, ulinganishe urefu, mguu na umbo la chini. Neno "inaingia hii" si kipimo. Tena advansi yake ilipimwa kwa injini kubwa kidogo kuliko yako. Ukiiweka na kuondoka bila kukagua taimingi, unaweza kusikia injini inagonga ukiwa na mzigo mlimani, na kugonga huko kunatoboa pistoni.

Na inakufa bila kuaga. Moduli hufa kwa joto, hasa aliyeifunga akisahau ile grisi nyeupe ya kupitishia joto kati yake na bodi. Yangu ilizima kati ya Korogwe na Handeni, mchana, gari limebeba mahindi. Haikumisi hata mara moja. Iliwaka, ikaenda, ikazima. Nilikuwa na spana, msasa, mita na akili timamu, na vyote havikunisaidia kitu. Tulivutwa. Aliyenivuta alikuwa na pikapu kama yangu, ya kontakti, na sikupenda jinsi alivyokuwa akitabasamu.

Kuna na distribyuta mpya kabisa za bei rahisi zinazokuja kwenye boksi bila jina la maana. Zinang'aa. Nilizoziona, advansi yake haifanani hata kati ya mbili za boksi moja. Nisingeziweka, na sina zaidi la kusema juu yake.

Zikiwekwa bega kwa bega

| | Kontakti iliyofufuliwa | Moduli ndani | Nzima ya mtumba |
|---|---|---|---|
| Gharama ya kuanzia | Ndogo. Bushi ndizo zinazoipandisha | Ya kati | Kubwa, pamoja na koili |
| Inavumilia shafti kucheza? | Hapana kabisa | Kidogo | Hapana |
| Matunzo | Ya mara kwa mara | Karibu hakuna | Karibu hakuna |
| Inavyokufa | Polepole | Ghafla | Ghafla |
| Kujiokoa njiani | Bisibisi na msasa | Kurudisha kontakti | Moduli nyingine, au kuvutwa |

Ukikaa Dar es Salaam na Gerezani iko karibu, au Nairobi na Kirinyaga Road inafikika kwa matatu, na pikapu inazunguka mjini kila siku, chukua ile nzima yenye E12-80, mradi umeikagua shafti. Moduli ya akiba nunua siku hiyohiyo. Usisubiri ife.

Ukiwa kijijini, gari linatoka na mboga alfajiri na fundi wa karibu ni wa pikipiki, fufua kontakti. Weka pesa kwenye bushi, siyo kwenye vitu vinavyong'aa. Distribyuta ya kontakti yenye bushi mpya na vyuma vya advansi vilivyosafishwa itakushangaza. Wengi hawajawahi kuendesha gari lenye kontakti zilizo sawasawa, wamezoea zilizochoka.

Moduli ya ndani ninampa mtu wa katikati: shafti yake bado ngumu, anasafiri mara mojamoja, hataki kufungua kofia kila mwezi, na ana uaminifu wa kuacha lile bamba la kontakti chini ya kiti bila kumpa jirani. Kwa watu wengi wanaoniuliza, jibu linaishia hapa. Shafti ikiwa imekufa, hakuna njia ya mkato: bushi kwanza, kisha ndipo uchague.

Lolote utakaloweka, mpangilio wa moto ni 1-3-4-2, na waya piga picha kabla hujazichomoa. Kama ni kontakti, nafasi inawekwa kwanza, taimingi baadaye, kwa sababu ukigusa nafasi umegusa na taimingi. Ukiwa na mita ya dweli, inayoonyesha kontakti zinakaa zimefunga kwa digrii ngapi, tafuta digrii 49 hadi 55, ni kipimo cha uhakika kuliko fila geji kwenye kontakti zilizotumika. Mpira wa vakyumu uchomoe na uuzibe wakati unamulika alama, urudishe ukimaliza. Halafu tafuta mlima unaoujua, weka mzigo wa kawaida, gia ya tatu, kanyaga mafuta. Ukisikia mlio kama kokoto ndogo ndani ya kopo, shuka, legeza boliti ya distribyuta, icheleweshe kwa unywele mmoja, ukaze, urudi tena mlimani.